Usiku Nilipoizima Redio Yetu

Ijumaa moja ya mwaka 2020, saa tatu usiku, niliandika amri ya maneno matatu kwenye laptopu ya kituo chetu cha vijana hapa Kakuma, nikabonyeza kitufe, na redio yetu ikafa. Haikufa kwa stima kukatika wala kwa bando kuisha. Niliiua mimi mwenyewe, na nilikuwa na nia ya kuitengeneza.

Ukisema redio, watu wanafikiria mnara na mitambo. Yetu haina mnara. Tuna maikrofoni mbili, laptopu moja ya zamani, na seva ndogo ya kukodi iliyoko Ulaya, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona kwa macho. Seva hiyo inatumia Linux, ile ya Debian 10, na kumbukumbu yake ni nusu gigabaiti tu. Laptopu inatuma sauti kwenye seva, halafu programu inayoitwa Icecast inampa kila msikilizaji nakala yake. Ni kama mama anayepakua ugali: sufuria ni moja, sahani ni nyingi. Sauti tunairusha kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kwa hiyo mtu akisikiliza saa nzima anatumia kama megabaiti 14 hivi. Kwa mtu wa kambi hiyo ni hesabu muhimu. Video haiwezekani, redio inawezekana.

Shule zilipofungwa Machi mwaka ule kwa sababu ya korona, na mikutano ikakatazwa, sisi tunaofanya kazi na vijana tulibaki mikono mitupu. Kazi yetu yote ilikuwa ni kukaa chini ya mti na kuongea. Redio ikawa ndio mti wenyewe. Jumatano kulikuwa na masomo, Ijumaa mjadala wa vijana, na Jumamosi saa kumi jioni salamu. Salamu ndizo zilizopendwa kuliko vyote. Mtu anatuma salamu kwa dada yake aliye Nyarugusu, mjomba aliye Nakivale, shangazi aliyebaki Baraka, mtoto aliyechukuliwa mpaka Australia. Wasikilizaji walikuwa thelathini, arobaini hivi. Sio wengi, lakini kila mmoja alikuwa anasubiri jina lake.

Aliyesimamisha seva hiyo ni kaka mmoja tuliyekuwa naye kituoni. Mwaka 2019 alipata ndege. Tulimfanyia sherehe, tukala, tukalia kidogo, akaondoka. Alituachia karatasi yenye neno la siri la seva. Hakuacha kitu kingine, na simlaumu, maana wiki ya mwisho ya mtu anayesafiri kila mtu huku anaijua ilivyo. Mimi nilichukua ile karatasi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na siogopi kompyuta. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu yote.

Shida ilianza na jambo zuri. Mfadhili mmoja alitutengenezea ukurasa mpya, wa kupendeza, wenye ile alama ya kufuli juu kwenye kivinjari. Kufuli lile maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Tulifurahi sana. Kesho yake meseji zikaanza kuingia: ukurasa unafunguka, kitufe cha kusikiliza kipo, lakini ukibonyeza ni kimya.

Ilinichukua siku nne kuelewa. Ukurasa wenye kufuli haukubali kuleta sauti kupitia mlango usio na kufuli. Vivinjari vya simu vilikuwa vimekaza sheria hiyo mwaka uleule. Ukurasa wetu ulikuwa na kufuli, Icecast yetu haikuwa nalo. Waliokuwa wamehifadhi anwani ya moja kwa moja ndani ya programu zao za redio waliendelea kusikia. Waliopitia kwenye ukurasa, ambao walikuwa nusu ya wasikilizaji wetu, walipotea.

Basi nikasema, dawa ni kuipa Icecast kufuli lake. Kuna taasisi inaitwa Let's Encrypt inayotoa vyeti vya kufuli bure. Nikakipata cheti, nikakiweka mahali pake, nikaandika mistari miwili kwenye faili la mipangilio, nikawasha upya. Kimya. Nikafungua faili la kumbukumbu za programu, na humo ndani kulikuwa na mstari mmoja mfupi unaosema kwamba programu hii haina uwezo wa SSL. Yaani haikuwa kwamba nimekosea kuandika. Ile Icecast iliyokuja kama kifurushi cha Debian ilikuwa imejengwa bila sehemu ya kufuli.

Nikataka kujua kwa nini, maana Icecast yenyewe inajulikana kuwa na uwezo huo. Jibu lilinishangaza. Ilikuwa ni mambo ya makaratasi. Icecast ina leseni ya GPL, toleo la 2, ambayo inasema unaposambaza programu hii usimwongezee mtu sharti ambalo halimo. Na OpenSSL, maktaba inayofanya kazi ya kufuli, wakati ule ilikuwa na leseni yake yenye sharti la ziada kuhusu kuwataja waliotengeneza kwenye matangazo. Zote mbili ni za bure. Zote mbili ni halali. Lakini ukiziunganisha na kuzigawa kwa watu, sharti la moja linagongana na neno la nyingine. Watu wa Debian ni waangalifu na mambo ya leseni, kwa hiyo walikuwa wanaigawa Icecast bila OpenSSL.

Nilikaa nikicheka peke yangu pale kituoni. Mimi nina karatasi ya usajili, hii tunayoiita manifesti. Nina cheti changu cha kidato cha nne. Zote ni halali, zimepigwa mihuri. Lakini nimewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi fulani nikiwa na karatasi zote mbili mkononi, nikaambiwa hii ni sawa na hii ni sawa, ila haziendi pamoja. Sikuwahi kufikiria kwamba hata programu ya kompyuta inaweza kusimama kwenye foleni ile.

Sasa, leseni hizo zinamzuia anayegawa. Mtu anayechukua msimbo wa chanzo na kujijengea kwenye mashine yake mwenyewe, bila kuugawa, haivunji sheria yoyote. Huo ndio ulikuwa mlango wetu.

Kwa ambaye hajui tofauti, nitaeleza hivi. Kifurushi ni kama unga wa pakiti: umesagwa, umepimwa, unapika tu. Msimbo wa chanzo ni kama yale mahindi ya mgao. Unayachambua, unayabeba hadi kwenye mashine ya kusagia, unalipa, unasubiri. Kazi ni zaidi, lakini wewe ndiye unayeamua yasagwe vipi na kichanganywe nini. Nilikuwa nataka unga ambao dukani haupo. Ilibidi nisage mwenyewe.

Ndipo ikafika ile Ijumaa. Nilikuwa nimesoma maelezo ya watu kadhaa na kila mmoja alianza na hatua ileile: ondoa kwanza kifurushi cha zamani. Kuna amri mbili za kuondoa. Moja ni `apt remove`, inatoa programu lakini inaacha mipangilio yako. Nyingine ni `apt purge`, inafagia vyote. Mimi nilipenda usafi. Nikaandika `apt purge icecast2`, nikabonyeza, nikakubali. Ilichukua sekunde chache. Faili la mipangilio alilolipanga yule kaka, lenye nywila za watangazaji, jina la njia ya matangazo na kila kitu, likaenda. Nakala sikuwa nayo.

Wakati huo sikujua nimefanya nini. Nilikuwa na haraka ya kusaga. Nikapakua chanzo cha Icecast 2.4.4, nikakifungua, nikaendesha amri ya `./configure`, ambayo kazi yake ni kukagua kama mashine ina vifaa vyote. Ikasimama katikati ikilalamika haioni XSLT. Nikatafuta: kumbe ipo kwenye seva, lakini kwa kujenga unahitaji na mafaili yake ya maendeleo, yale ambayo majina ya vifurushi vyake yanaishia na `-dev`. Nikaweka `libxslt1-dev`. Nikaanza tena. Ikapita hapo, ikaja kulalamika kuhusu Vorbis. Nikaweka. Saa tano usiku nikaandika `make`, mistari ikaanza kutiririka kwenye skrini, na moyo wangu ukaanza kutulia.

Halafu mtandao ukakatika.

Sikujua kwamba unapofanya kazi kwenye seva ya mbali kupitia laini ya simu, mtandao ukikatika kazi uliyoianzisha inaweza kukatika nayo. Nilijaribu kurudi mara tatu, laini haikushika. Betri ya sola ilikuwa imeshuka, na mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo. Nikafunga laptopu, nikaenda kulala. Nilijiambia kesho asubuhi nitamalizia.

Kesho asubuhi mtandao haukuwepo. Ulirudi saa tisa alasiri. Nikajenga upya, safari hii ikakamilika ndani ya dakika chache. Nikaita programu kwa jina lililozoeleka, `icecast2`, nikaambiwa hakuna kitu kama hicho. Kumbe hilo `2` ni jina la kifurushi, ukijenga mwenyewe inaitwa `icecast` tu. Nikaiita hivyo kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, ikakataa kwa sababu za usalama: haitaki kuendeshwa na mwenye mamlaka yote. Nikaiita kama mtumiaji wa kawaida, ikafa papo hapo kwa sababu haikuwa na ruhusa ya kuandika kumbukumbu zake. Saa kumi ikafika. Watangazaji wetu wawili walikuwa wamekaa mbele ya maikrofoni, barakoa usoni, daftari la salamu mkononi, wananiangalia. Saa kumi na moja nikawaambia waende nyumbani.

Jumapili, mama mmoja wa Fizi, jirani yetu, alikuja kituoni. Simu yake ilikuwa imeharibika miezi miwili, na kwa muda huo wote salamu za Jumamosi ndizo zilizokuwa zikimwambia binti yake aliye Nyarugusu kwamba mama yupo. Binti hakuwa anapitia kwenye ukurasa. Alikuwa na ile anwani ya moja kwa moja. Yaani shida ya kufuli haikumgusa kabisa, alikuwa anasikia vizuri kila wiki mpaka siku nilipoizima mimi.

Jumamosi iliyotangulia mama alikuwa amekohoa hewani. Wote tulimsikia, tukacheka, yeye mwenyewe akacheka, akasema ni vumbi. Lakini ilikuwa mwaka 2020. Binti alisubiri wiki nzima, Jumamosi ikafika, akafungua redio, hakukuwa na kitu. Alijaribu mpaka giza likaingia. Usiku akampigia jirani wa mama yake akilia, akiuliza mazishi ni lini.

Mama hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikaripia. Alisema tu, “Mwanangu, muko wapi? Mtoto wangu alinililia nikiwa hai.”

Nilimwomba msamaha, nikampa simu yangu aongee na binti yake mpaka salio likaisha. Halafu nikakaa chini na daftari, sio na laptopu. Nikaandika kila nilichofanya tangu Ijumaa na mahali nilipokosea. Nikaona kosa langu kubwa halikuwa XSLT wala ruhusa. Sisi wa Kakuma tunajua kujenga. Mvua ikibomoa ukuta unafyatua matofali, lakini hakuna mtu anayeng'oa mabati ya nyumba anayolala watoto wake kabla ukuta mpya haujasimama. Mimi niling'oa mabati kwanza, usiku, mbele ya siku ya salamu.

Jumatatu nikaanza upya, taratibu. Kwanza nikajifunza `tmux`, ambayo inaiacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao ukikatika huku kwetu. Nikajenga tena, na safari hii baada ya `./configure` nikasoma majibu yake yote, nikahakikisha imeiona OpenSSL. Hapo ndipo watu wengi wanateleza: isipoiona haigomi, inajenga tu bila kufuli, na utagundua baadaye. Nikatengeneza mtumiaji maalumu asiye na mamlaka, nikampa folda yake ya kumbukumbu. Nikaiwasha kwenye lango la 8010 ambalo hakuna anayelijua, nikaisikiliza peke yangu kwa simu. Nikaandika faili dogo la kuiwasha yenyewe seva inapoanza, maana kifurushi kilikuwa kinafanya hivyo kimyakimya na sikuwahi kujua.

Mipangilio iliyopotea niliipata mahali ambapo sikutegemea. Ile programu ya laptopu inayorusha sauti ilikuwa bado imehifadhi nywila, lango na jina la njia. Nikavinakili herufi kwa herufi. Hilo lilikuwa muhimu kuliko vyote, kwa sababu yule binti wa Nyarugusu na wenzake wana anwani ya zamani, na hakuna njia ya kuwaambia wabadilishe. Kwa hiyo nikaiacha milango miwili: 8000 bila kufuli kwa wa zamani, na 8443 yenye kufuli kwa ukurasa mpya. Cheti na ufunguo wake nikaviunganisha kwenye faili moja, maana Icecast inavitaka hivyo. Nikawasha. Kwenye kumbukumbu, pale palipokuwa na mstari wa “haina uwezo”, ukatokea mstari kwamba cheti kimeonekana.

Jumamosi saa kumi jioni tulianza na mama wa Fizi. Aliongea dakika tatu bila kukohoa, na nadhani alikuwa anajizuia.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Vyeti vya Let's Encrypt wakati ule vilikuwa vinadumu siku 90. Chetu kilijihuisha chenyewe kama inavyotakiwa, ila lile faili nililounganisha kwa mkono lilibaki na cheti cha zamani. Siku ya 90 ukurasa ukanyamaza tena. Safari hii niligundua ndani ya saa moja, nikaandika hati fupi inayounganisha upya kila cheti kinapohuishwa na kuwasha Icecast upya saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala.

Hapo ndipo nilielewa bei halisi ya kujisagia. Kifurushi kina wazazi. Mwaka 2018 Icecast ilikutwa na tundu la usalama, ndiyo sababu toleo la 2.4.4 lilitoka. Waliokuwa na kifurushi cha Debian walipata dawa kwa kuandika `apt upgrade` kama kawaida. Waliojijengea walitakiwa wasikie habari wenyewe na wajenge tena wenyewe. Ukiondoka kwenye kifurushi, hakuna mtu mahali popote duniani anayejua kwamba Icecast yako ipo. Mlezi ni wewe.

Na mlezi wa kambini anaweza kupata ndege. Au akahamishwa, au akarudi, au akachoka. Nilichofanya kilikuwa kimeiweka redio kwenye hatari kubwa zaidi kuliko alipoiacha yule kaka. Yeye alituachia kifurushi ambacho mtu mwingine angeweza kukisasisha kwa amri ya kawaida, hata bila yeye. Mimi ningeacha kitu kisichojulikana na mtu.

Kwa hiyo lile daftari nililiendeleza. Lina kurasa kumi na moja, kwa Kiswahili, kwa kalamu, kwa sababu karatasi haihitaji stima. Lina majina ya vifurushi vyote vya `-dev`, amri kwa mpangilio, milango, mahali pa mafaili, na ukurasa mzima wenye kichwa “Usifanye hivi”. Halafu nikamwomba dada mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa hajawahi kugusa Linux, ajenge Icecast kwenye seva tupu ya majaribio kwa kufuata daftari peke yake. Mimi nilikaa nyuma yake na mdomo nimeufunga. Ilikuwa ngumu kwangu kuliko ile Ijumaa. Alikwama mara sita. Kila alipokwama, kosa lilikuwa la daftari, sio lake. Tukasahihisha. Mara ya pili alikwama mara moja. Mara ya tatu alimaliza, akanigeukia akaniuliza, “Kaka, ni hii tu iliyokuwa inakunyima usingizi?”

Baadaye mtu anayeelewa mambo haya aliniambia ningeweza kuweka programu nyingine mbele ya Icecast, ibebe kufuli, na kifurushi kikabaki palepale. Ni kweli, ingawa kwenye kumbukumbu zetu wasikilizaji wote wangeonekana wanatoka mahali pamoja. Lakini sikujua. Nimeandika hilo nalo kwenye daftari, ili anayefuata achague akiwa anajua.

Kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, nina ombi dogo. Mnapotuletea mashine, ukurasa au programu, msituulize tu nani ataiendesha. Ulizeni pia nani wa pili, na ameandika wapi. Yule wa kwanza mara nyingi ndiye ambaye jina lake limeshatoka kwenye orodha ya safari.

Daftari liko kituoni, kwenye droo ya juu, pamoja na betri za maikrofoni. Droo haina kufuli.